Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya awali: Ubunifu wa mtoto huanzia katika kuiga

Waheshimiwa mnaotunga mitaala ya elimu ya awali, mnaotoa miongozo kwa vituo vya kulelea watoto na mnaotuma wakaguzi madarasani,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu wa watoto wa miaka mitatu hadi sita, kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliwahusu walimu peke yao. Katika miongozo mnayotuletea, neno ubunifu limejaa karibu kila ukurasa, ilhali kuiga, pale kunapotajwa, hutajwa kama kasoro ambayo mwalimu anatakiwa kuirekebisha mapema. Tunaelekezwa tusiwaonyeshe watoto mfano wa jambo lolote, tusiwaache wakizunguka watu wazima walio kazini, na tuwape nafasi ya kubuni kutoka vichwani mwao. Naamini nia yenu ni njema, lakini naamini pia kwamba mmevitenganisha vitu viwili ambavyo kwa mtoto mdogo ni kazi moja, na kwamba kwa kuvitenganisha tunawanyima watoto malighafi ya mawazo yao wenyewe.

Siku moja mlango wa darasa letu uling'oka bawaba, akaitwa fundi. Alipoanza kazi, watoto waliacha shughuli zao mmoja mmoja wakasogea, nami sikuwazuia. Walimtazama akipima kwa futi, akichomeka kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akinyamaza kidogo, kisha akipima tena kwa sababu kipimo cha kwanza hakikumridhisha. Mkaguzi aliyekuwa nasi asubuhi hiyo aliniamuru niwarudishe watoto mezani, akieleza kwamba kipindi kilichokuwa kwenye ratiba kilikuwa cha ubunifu, na kwamba hakuna ubunifu katika kumkodolea macho mtu mzima anayefanya kazi yake. Mezani palikuwa na karatasi ishirini zenye picha ya kipepeo yuleyule, na kazi ya watoto ilikuwa kumpaka rangi bila kutoka nje ya mistari. Nilitii, na utii huo umenisumbua tangu siku hiyo.

Kesho yake msichana wa miaka minne alichomeka kijiti nyuma ya sikio, akatafuta kamba, akaanza kupima. Alipima meza. Alipima kivuli chake, na alipokipima tena baada ya muda akakuta kimepungua, akaja kunieleza kwa wasiwasi kama mtu aliyeibiwa. Halafu akamwomba mwenzake ashike ncha moja ya kamba karibu na mdomo na anong'one jina lake, naye akarudi nyuma hatua kwa hatua na ile ncha ya pili hadi mahali ambapo hakulisikia tena jina hilo, akafunga fundo hapo. Akamwambia mwenzake kwamba sauti yake inaishia kwenye fundo. Fundi hakupima sauti, na hakuna mtu aliyemwonyesha mtoto huyo kwamba sauti hupimika. Alichochukua kwa fundi ni kijiti cha sikioni, ule ukimya wa mtu anayepima, na tabia ya kutokiamini kipimo cha kwanza. Yaliyobaki yalitoka kwake mwenyewe.

Kisa hiki si cha ajabu. Mwalimu yeyote wa awali anavyo vingi vya namna hiyo, na wingi wake ndio unaonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Lugha yetu ililiona jambo hili zamani. Kutokana na kuiga tumepata kuigiza, na kutokana na kuigiza tumepata maigizo na waigizaji, yaani watu tunaowapa heshima kwa sababu wanazaa kitu kipya kutokana na mienendo ya wengine. Tunayo pia ile methali isemayo kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, ambayo wengi huichukua kama onyo kwa wazazi kuhusu tabia zao, na ni onyo kweli. Lakini mtu akikaa na picha hiyo ya mtoto aliyebebwa mgongoni ataona jambo zaidi: mtoto huyo haoni uso wa mama, anaona kile ambacho mama anakielekea, na mikono yake inapokishughulikia. Methali nyingine humcheka anayemwiga tembo, na kwa mtu mzima anayeishi kwa kujipima na waliomzidi nguvu inafaa. Kwa mtoto wa miaka minne haifai hata kidogo, kwa kuwa kumwiga aliyemzidi ndiyo njia yake ya kukua.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37, aliona kwamba mtoto anapocheza huwa kana kwamba ameongezeka kimo cha kichwa kizima juu ya kimo chake cha kila siku. Mwaka 1930 aliandika kwamba mawazo ya kubuni hayazuki katika utupu. Hujengwa kwa vipande vya yale mtu aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyatenda, vikavunjwa na kuungwa upya kwa namna ambayo haikuwapo. Kutokana na hilo alisema jambo ambalo wengi wanaoshabikia ubunifu wa watoto hawapendi kulisikia, kwamba uwezo wa mtoto wa kubuni ni mdogo kuliko wa mtu mzima, kwa kuwa uzoefu wake ni mdogo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi anayetaka mtoto abuni sana ana wajibu wa kwanza wa kumpa mengi ya kuona. Karatasi ya kipepeo haimpi chochote cha kuvunja na kuunga. Fundi anayepima mara mbili anampa.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jinsi binti yake, akiwa na miezi 16, alivyomtazama mtoto mgeni akipandwa na hasira, akipiga mayowe na kukanyaga chini kwa miguu. Binti alisimama tu akishangaa, maana hakuwahi kuona jambo kama hilo. Kesho yake, mgeni akiwa hayupo, yeye mwenyewe akapiga mayowe na kukanyaga chini vilevile. Wazazi wengi wangehesabu tukio hilo kuwa utundu ulioambukizwa. Piaget aliliona kwa jicho jingine: ili kuiga jambo lisilokuwapo tena mbele ya macho, mtoto lazima awe amelibeba akilini usiku kucha. Akili inayoweza kubeba picha ya kisichokuwapo ndiyo hiyohiyo ambayo baadaye itakifanya kijiti kuwa kalamu na kamba kuwa kipimo cha sauti.

Mtasema kwamba kubeba picha si kufikiri, na kwamba kasuku naye hurudia anayoyasikia. Hapo ndipo majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1990 yanapokuwa na thamani kubwa. Mwaka 1995 Andrew Meltzoff, mtafiti wa Marekani, aliwaonyesha watoto wa miezi 18 mtu mzima akijaribu kuvuta kifaa chenye sehemu mbili ili kukitenganisha, lakini mkono wake ukiteleza kila mara. Watoto hawakuona hata mara moja kifaa kikitengana. Walipopewa wao, wengi walikivuta kikatengana. Walitimiza alichokusudia mtu yule badala ya kurudia kuteleza kwake. Lakini mwendo uleule ulipofanywa na mashine, hawakuitimizia mashine kusudio lolote. Mtoto ambaye bado hajui kuunga sentensi anaiga nia ya mtu, na nia haionekani kwa macho, lazima aikisie.

Miaka saba baadaye, György Gergely na wenzake walichapisha jaribio lililofanana na mchezo. Mwanamke aliwasha taa ya mezani kwa kuigusa na paji la uso mbele ya watoto wa miezi 14. Kundi moja lilimwona akifanya hivyo mikono yake ikiwa huru juu ya meza, na kundi la pili lilimwona akiwa ameshikilia blanketi alilojifunika mabegani kana kwamba anasikia baridi. Watoto walipopewa taa wiki moja baadaye, asilimia 69 ya wale wa kundi la kwanza walitumia kichwa, lakini katika kundi la pili ni asilimia 21 tu. Waliobaki walitumia mkono, kana kwamba walijiambia kuwa yule mama alitumia kichwa kwa kukosa mikono, nao mikono wanayo. Wapo watafiti waliolipa tokeo hilo maelezo mengine, na mjadala huo una haki yake. Hata hivyo hakuna anayeweza kulisoma kisha akasema kwamba mtoto huiga bila kuchagua.

Tokeo linaloonekana kunipinga ni la Victoria Horner na Andrew Whiten, la mwaka 2005, na sitaki kulipita kimya. Wao walionyesha namna ya kutoa zawadi ndani ya kisanduku, wakichanganya hatua za lazima na hatua zisizo na kazi yoyote. Kisanduku kilipokuwa kinaonyesha ndani, kiasi kwamba yeyote aliweza kuona kuwa hatua fulani hazigusi kitu, sokwe wa hifadhi ya kisiwa cha Ngamba nchini Uganda waliziacha hatua hizo wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto wa miaka mitatu na minne walizirudia zote. Kwa mtazamo wa haraka, sokwe ndio waliofikiri. Lakini mtoto wa binadamu amezaliwa katikati ya mambo ambayo sababu zake hazionekani kwa kuyatazama: kwa nini herufi huandikwa hivi, kwa nini fundo hupitishwa mara mbili, kwa nini mtu hunyamaza kabla ya kukata ubao. Anayetupa kila asichokielewa papo hapo hubaki na machache sana. Mtoto hukubali kwanza, akahifadhi, na siku nyingine, mara nyingi katika mchezo, hukirudia kile alichohifadhi na kukigeuzageuza hadi kimpe maana. Nimewaona wakifanya hivyo kwa maneno pia. Mtoto aliyesikia soma, lala na kaa akamwambia mwenzake "ja hapa" badala ya "njoo hapa" hajamwiga mtu yeyote, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayesema hivyo. Ameiga mamia ya maneno hadi akaipata kanuni, kisha akaitumia kanuni mahali ambapo lugha yenyewe imeivunja.

Na je, tukiwaacha wabuni kutoka vichwani mwao bila kuona lolote? Sarah Beck na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapa watoto waya laini unaopindika na mrija mrefu wenye kindoo kidogo chini chenye kishikio. Aliyefikiria kupinda waya kuwa ndoano aliweza kukiopoa. Watoto wa chini ya miaka mitano walioweza kulifikiria hilo wenyewe walikuwa wachache sana, na hata waliowazidi umri kwa miaka miwili mitatu wengi walishindwa. Ila walipomwona mtu mzima akipinda ndoano, karibu wote walipinda zao na kukiopoa kindoo. Sielewi kwa nini matokeo kama haya hayaingii katika miongozo yetu. Tunamkalisha mtoto mbele ya vifaa tukimwambia abuni, naye hukaa akivitazama, tunaandika kwenye fomu kwamba ubunifu wake uko chini, wakati alichokosa ni mtu wa kumwona akihangaika na kitu.

Kwa kusema hivi sitaki mnielewe kwamba kila kuonyesha kunafaa, kwani hapa ndipo penye uzito wa barua hii, na ndipo ambapo miongozo yenu ingeweza kutusaidia kuliko popote. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake waliwapa watoto wa umri wa shule ya awali kichezeo chenye siri nne ndani yake. Kwa kundi moja, mtu mzima alitangaza kama mwalimu kwamba atawaonyesha jinsi kichezeo kinavyofanya kazi, akawaonyesha siri moja. Watoto hao walirudia siri hiyo, wakatafuta kidogo, wakaacha. Waliomwona mtu mzima akiigundua siri hiyo kama kwa bahati walicheza muda mrefu zaidi na kugundua zaidi. Mwaka huohuo Daphna Buchsbaum na wenzake walipata jambo la jirani: mtu mzima aliyejitambulisha kuwa anakijua kifaa aliigwa hatua zote, za lazima na za ziada, lakini yule aliyesema hajui kinavyofanya kazi na kwamba anajaribu tu, watoto walichambua alichokifanya na wengi wao wakapata njia fupi kuliko yake.

Tafadhali litafakarini hilo. Mtoto hachukui vitendo peke yake. Anachukua pia namna ambayo mtu mzima amesimama mbele ya jambo lake. Akisimama kama mtu aliyemaliza kujua, mtoto ataiga kumaliza kujua. Akisimama kama mtu anayejaribu, akakosea, akasema kwa sauti kwamba hapa nimekosea, ngoja nianze upande huu, mtoto ataiga kujaribu. Ubunifu ni mwenendo kama mienendo mingine, nao huonekana kwa nje: katika kusita, katika kugeuza kitu upande wa pili, katika kuuliza swali ambalo muulizaji halijui jibu lake. Darasani sisi walimu huwa tunaficha yote hayo. Tunafanya kosa letu nyumbani jioni, tunalifuta, na asubuhi tunaingia na kazi safi iliyokamilika, halafu tunashangaa watoto wanaposubiri kuambiwa jibu.

Kwa sababu hiyo naomba mtofautishe kuiga na kufuata kiolezo. Anayempaka rangi kipepeo ndani ya mistari hamwigi mtu. Hakumwona mtu yeyote akichora, hajui mchoraji alianzia wapi, na hakuna nia ya mtu anayoweza kuikisia. Anatii karatasi. Mwiteni mchoraji akae kwenye kona ya darasa na kuchora mchoro wake mwenyewe, afute, aache, aanze upya, bila kumfundisha mtoto yeyote neno, na mtaona baada ya siku chache karatasi ambazo hazifanani. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto vifaa halisi vya kazi vilivyopunguzwa kimo ili vienee mikononi mwao, na katika hilo alikuwa mbele ya wengi wetu. Hakuipenda sana michezo ya kujifanya, nami hapo simfuati, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba kazi aliyoiona mtoto asubuhi hurudi mchana katika mchezo ikiwa imeongezwa mambo ambayo hayakuwamo.

Skrini nitaigusa kwa ufupi. Majaribio mengi yameonyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitatu hivi huiga kwa kiwango cha chini wanachokiona kwenye skrini kuliko kilekile wanapokiona kikifanywa na mtu aliye mbele yao, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Kuleta runinga darasani ili kufidia uhaba wa walezi si fidia.

Upo pia upande wa hatari, na mwenye kusifu kuiga hana haki ya kuuficha. Albert Bandura na wenzake, mwaka 1961, waliwaonyesha baadhi ya watoto 72 wa umri wa shule ya awali mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa mpira. Watoto hao walimpiga vilevile, na hawakuishia kwenye vitendo walivyoviona. Waliongeza ukali wa kwao wenyewe. Ubunifu unaozaliwa na kuiga hufuata mkondo wowote uliowekwa mbele yake. Ndiyo maana namna mnavyowachagua, mnavyowatunza na mnavyowalipa watu wanaokaa na watoto kutwa nzima ni suala la mtaala, hata kama kwenye bajeti zenu limewekwa sehemu nyingine. Mlezi aliyechoka, anayetunza watoto wengi kuliko mikono yake inavyoweza, huonyesha uchovu na amri, na hivyo ndivyo vitakavyoigwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, katika ibara ya 31 unamtambulia mtoto haki ya kucheza na pia haki ya kushiriki kwa uhuru katika maisha ya kiutamaduni na sanaa. Sehemu ya kwanza huwa tunaikumbuka. Sehemu ya pili inadai watu wazima wawepo wakifanya mambo yao na mtoto aruhusiwe kusogea, na huwezi kusema unaitekeleza wakati watoto wamefungiwa saa zote katika chumba ambamo kila kitu kimetengenezwa kwa ajili yao na hakuna mtu anayefanya kazi ya kweli.

Ninachoomba kinawezekana bila fedha nyingi. Fungueni ratiba ili kazi halisi inapotokea kituoni, iwe ya kutengeneza mlango, kushona pazia au kupanga vitabu, mwalimu asiadhibiwe kwa kuwaacha watoto waitazame hadi mwisho na kusaidia wanapoweza. Katika mafunzo ya walimu, ongezeni mazoezi ya kufikiri kwa sauti na kukosea mbele ya watoto bila aibu, kwa sababu wengi wetu tulilelewa tuamini kwamba mwalimu anayekosea amepoteza heshima. Ondoeni katika fomu za tathmini kipengele kinachompunguzia mtoto alama kwa sababu ameanza kwa kuiga, na mahali pake muulize ameongeza nini, amebadilisha nini, na baada ya siku ngapi. Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa kuwa anayekagua kwa saa moja huona kuiga na kuondoka kabla ya yale yanayofuata.

Nina ombi moja kuhusu ukaguzi wenyewe. Mtakapokuja darasani kwangu, au kwa mwalimu mwingine yeyote, njooni na kazi yenu ya mikono, jambo ambalo hamjalimaliza na ambalo linawapa shida kidogo. Kaeni nalo kwenye kiti kifupi, mlifanye kweli, kwa muda wa nusu saa, bila kumwita mtoto. Watasogea wenyewe. Siku mbili baadaye rudini na fomu, nami nitawaonyesha mahali ambapo kazi yenu imefika.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa elimu ya awali